Daftari la Sentensi za Babu

Sogeeni, wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu. Na wewe uliyekaa karibu na mlango ili utoroke mapema, sogea zaidi. Habari hii ni ya nyumba moja tu, ghorofa ya pili, yenye mlango wa kijani uliobanduka rangi sehemu ya chini kwa mateke ya mtu mmoja aliyeona uvivu kutumia mkono. Lakini kila mwenye nyumba aisikilize kama yake, maana moto wa jirani hauombi ruhusa ya kupita ukutani.

Nyumba hiyo ilikuwa na utulivu wake. Saa kumi alasiri, jua likiingia dirishani na kulala sakafuni kama paka, ungemkuta Babu kwenye kiti chake chenye mkono mmoja, akifuta mawe ya mizani kwa kitambaa cha flana. Yalikuwa mawe kumi na manne ya shaba, kila moja na tundu lake ndani ya sanduku la mbao, kuanzia lile la kilo mbili lililonenepa kama chupa ya dawa hadi lile la gramu moja, dogo kama kifungo cha shati la mtoto. Babu alikuwa fundi wa mizani. Kwa miaka arobaini alizunguka madukani, sokoni na maghalani akizirekebisha mizani zilizochoka, na zile zilizochokeshwa makusudi. Sasa alikuwa amestaafu, akahamia kwa binti yake na sanduku lake na suti moja.

Binti huyo, Mama wa nyumba, alishona kiwandani. Kazi yake ilikuwa kola tu. Kola mia mbili kwa siku, na hakuwahi kuona shati likikamilika mbele yake. Mwanawe wa pekee alikuwa na miaka kumi na mitano na marafiki zake walimwita Kamanda, jina alilojipa mwenyewe kisha akawalazimisha wengine walizoee. Kamanda alikuwa mwanafunzi wa bweni. Ila mwaka huo upepo uliezua paa la bweni lao, na mwalimu mkuu akatangaza kwenye paredi, kwa sauti ya kusoma wosia, kwamba wanaoishi karibu watalala kwao hadi paa lipatikane. Paa lilichukua mwaka mzima kupatikana. Wapo wanaoamini kuwa lilikuwa linatafutwa mwezini.

Basi Kamanda akarudi nyumbani, na kila alasiri binamu yake alipanda kutoka ghorofa ya chini. Binamu huyo, mtoto wa mama mkubwa, aliitwa Ngao, kwa sababu katika gemu walizocheza pamoja yeye ndiye aliyetangulia mbele kupigwa ili Kamanda apate sifa.

Mwaka huo vijana wote wa jengo lile walikuwa wameshikwa na katuni moja ya Kijapani, zile ambazo wapenzi wake huziita anime. Kisa chenyewe ni rahisi. Kijana mpweke, bingwa wa gemu, anawasha kompyuta yake na kujikuta yumo ndani ya gemu lenyewe, na mlango wa kutokea haupo. Kwao hakuwa na rafiki wala sifa. Ndani ya gemu anakuwa bwana, kwa sababu anajua sheria ambazo wengine wanazikisia. Anajua nguvu zake kwa namba. Anajua adui gani ana udhaifu gani. Na anajua kwamba wakazi wa vijijini, yaani mwokaji, mlinda lango na bibi wa kisimani, si watu bali ni mapambo yanayosema. Kila mmoja kapewa sentensi chache, na ukimgusa atazirudia mpaka kiama. Kwa hiyo shujaa hawasikilizi. Anabonyeza kitufe cha kuruka, maneno yanapita kama treni isiyosimama kituoni, naye anaendelea na safari.

Kamanda aliipenda katuni ile kama mtoto wa bweni anavyoipenda Jumapili.

"Umegundua kitu?" Ngao aliuliza siku moja. Alikuwa amelala chali kwenye zulia, miguu juu ya kochi. "Huyu shujaa hajalilia kwao hata siku moja."

"Kwao kuna nini cha kulilia?"

"Mama. Kitanda. Na yule paka wake nani anamlisha? Kipindi cha kwanza tulimwona ana paka."

"Paka si sehemu ya hadithi."

"Kwa paka ni sehemu kubwa tu."

Kamanda akasimamisha picha, ishara kwamba hotuba inakuja. "Huelewi wewe. Yule jamaa kwao alikuwa anachekwa. Kumbe akili yake ilikuwa vidoleni, na watu hawakujua. Huko ndani ndiko wanakomjua."

"Aliyetunga ni mcheza gemu mwenzio, ndiyo maana," alisema Ngao. "Kila mtu yupo ili ampe shujaa kitu. Huyu upanga, huyu ramani, huyu moyo wake. Hakuna hata mmoja anayekuja kuomba chumvi na kwenda zake."

Kwenye kiti chake Babu aliinua macho kutoka kwenye mawe. Aliitazama mikono ya mjukuu wake iliyoshika padi ya gemu.

"Mjukuu wangu," alianza, "vidole vyako hivyo..."

"Sawa, Babu," alisema Kamanda. Na kidole gumba chake, kwa mazoea tu, kikabonyeza kitufe cha kuruka.

Vijana walitazamana. Kisha wakacheka mpaka miguu ya Ngao ikaanguka kutoka kwenye kochi. Babu naye akatabasamu, kama wazee wanavyotabasamu kwa kicheko wasichojua kimetoka wapi, akaendelea kufuta gramu yake.

Cheka nawe kama unataka. Sitakuzuia.

Siku ile ndipo daftari lilipozaliwa. Lilikuwa la kurasa themanini, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na Kamanda aliandika mbele kwa herufi kubwa: MWONGOZO WA MKAZI WA SEBULENI. Mcheza gemu makini hucheza na mwongozo. Alichora safu nne: namba, tarehe, kichocheo, sentensi. Kichocheo ndicho kitu kinachomfanya mkazi aseme. Babu akiona chai, anasema hili. Mtu akibisha hodi, anasema lile. Mama akivaa viatu vya kazini, lile jingine. Kamanda aliandika kwa uaminifu wa karani wa mahakama, isipokuwa kwa jambo moja. Hakungoja sentensi iishe. Aliandika maneno ya mwanzo, akamalizia na "n.k."

Mwezi wa kwanza ukurasa ulikuwa na sentensi kumi na moja, na pembeni maneno "na nyingine nyingi, amevuruga mpangilio". Babu bado alikuwa na habari mpya kila siku, jambo lililomuudhi sana mtunza mwongozo.

Jaribio kubwa lilikuwa la hodi. Kamanda alitoka nje, akafunga mlango, akabisha.

"Karibu," aliitikia Babu. "Ukiwa na mzigo..."

Kamanda akaingia, akatoka, akabisha tena. Safari hii Babu hakuitikia. Alingoja mlango ufunguke, na ndala yake ikapita hewani ikamkuta Kamanda begani.

"Bwana mdogo, mzigo ulishautua," alisema. "Huu wa sasa ni ujinga. Urudishe ulikoutoa."

Ngao alipiga makofi. Kamanda akaandika: Mkazi amegundua mchezaji. Jaribio limeshindwa. Na kwa kuwa walikuwa wamewekeana dau, aliosha vyombo vya Ngao siku tatu.

Miezi ikapita. Ungeiona sebule ile ungesema ni picha iliyotundikwa ukutani: jua lilelile, flana ileile, harufu ya mafuta ya taa ambayo Babu alisafishia shaba. Hata leo Kamanda akisikia harufu ya mafuta ya taa barabarani husimama, watu nyuma wakamgonga. Sentensi za mkazi zilipungua na mwongozo ukawa nadhifu. Kumi na moja zikawa tisa, tisa zikawa sita. Kamanda alifurahi. Aliona anaikaribia kanuni.

Mwezi wa tano alirudia jaribio la hodi. Alibisha mara ya kwanza.

"Karibu," alisema Babu. "Ukiwa na mzigo..."

Akatoka, akabisha mara ya pili.

"Karibu. Ukiwa na mzigo..."

Akabisha mara ya tatu, ndala ikiwa palepale miguuni pa mzee, haijaguswa.

"Karibu," alisema Babu kwa upole uleule, akimtazama mjukuu wake kama mgeni aliyetoka safari ya mbali. "Ukiwa na mzigo..."

"Nimeshinda," alisema Kamanda. "Vyombo ni vyako wiki nzima."

Ngao hakucheka. "Muulize umeingia mara ngapi."

"Ili iweje?"

"Muulize tu."

"Usikwepe vyombo," alisema Kamanda. Akafungua daftari akaandika tarehe, kisha maneno mawili aliyokuja kutamani angeweza kuyatafuna na karatasi yake: Mkazi kamili.

Ndugu zangu, ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiandika kila siku jinsi mzee alivyokuwa akipotea, kwa tarehe na kwa kalamu ya bluu. Na mtu huyo alidhani anaandika mzaha.

Mama aliona vitu vyake, kidogokidogo, kama anayeishi katika kola anavyoona shati. Aliona chumvi kwenye chai. Alimkuta baba yake siku moja amesimama kwenye ngazi, hapandi wala hashuki. "Uzee huo," alijiambia, kwa sababu zamu ilikuwa inaanza. Asubuhi moja, akiwa anafunga kamba za viatu, alimwambia mwanawe, "Mwanangu, leo nina zamu ndefu. Babu yako asiachwe peke yake. Unanisikia?"

"Sawa, Mama."

"Nimesema nini?"

"Zamu ndefu."

"Na Babu?"

"Na Babu," alisema Kamanda. Mama akaondoka akiamini ameeleweka.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na kilikuwa kipindi cha mwisho cha katuni ile. Ngao alikuwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Kamanda alifunga mapazia, akavaa hedifoni zake kubwa zilizomfanya afanane na rubani asiye na ndege, akaketi.

Babu alitoka chumbani. Alikuwa amevaa suti yake, viatu vimepigwa rangi, sanduku la mawe chini ya kwapa. Akasimama mbele ya mjukuu wake, akasema kwa sauti ya mtu mwenye haraka ya heshima, "Mjukuu wangu, nakwenda kazini."

Kamanda aliona midomo ikitikisika. Akainua kidole gumba. "Sawa, Babu."

Tusimame hapo kidogo, wima, kama paredi. Kila mcheza gemu duniani anajua jambo hili: mkazi aliyerudia sentensi moja kwa muda mrefu akisema mpya, basi kuna kilichobadilika. Acha upanga, acha hazina, mfuate. Kamanda alilijua. Alishawafundisha wengine. "Nakwenda kazini" haikuwemo katika daftari. Ilikuwa sentensi mpya ya kwanza kwa wiki saba, na aliipokea kwa kidole gumba.

Na katika katuni je? Kipindi cha mwisho kilifichua siri. Yule bibi wa kisimani, ambaye shujaa alimruka vipindi ishirini na vitatu, hakuwa pambo. Alikuwa mchezaji wa kwanza kabisa kufungiwa mle ndani. Alikaa sana mpaka maneno yakamwisha moja baada ya jingine, akabakiwa na sentensi moja, na kwa sentensi hiyo alikuwa akiomba msaada. Kamanda alilia. Alimlilia bibi wa kuchorwa kwa machozi ya kweli, akijifuta kwa ukingo wa fulana, na alipovua hedifoni alitaka kumwambia mtu.

Kiti chenye mkono mmoja kilikuwa kitupu. Flana ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake, pembe nne, kama mtu anayeacha ofisi yake safi.

Alimtafuta chooni, chumbani, kwenye ngazi, kwa mama mkubwa. Alikwenda kwa fundi viatu wa pembeni, ambaye alisema, "Babu yako? Kapita zamani sana. Kapendeza. Nikamwuliza harusi ya nani, akasema anachelewa." Ameelekea wapi? Fundi viatu alinyoosha mkono kuelekea mahali ambapo barabara tano zinakutana.

Mama aliporudi saa kumi na moja, na nyuzi za kola zimemganda kwenye sketi, alimkuta mwanawe ameketi ngazini, Ngao pembeni yake, na hakuhitaji kuambiwa. Alishika nguzo ya ngazi.

"Alisema anakwenda wapi?"

"Sijui. Alisema kitu, sikusikia." Kamanda akamnyooshea daftari. Hakuwa na kingine cha kutoa. "Ila haya ndiyo anayosemaga siku zote. Nimeyaandika."

Mama akasoma jalada. Akamtazama mwanawe. Akafungua ndani. "Nini hii n.k.?"

"Na kadhalika."

"Babu yako hajawahi kusema na kadhalika maishani mwake," alisema Mama. "Ziko wapi nyingine? Huu mwanzo. Miisho iko wapi?"

Kamanda akageuza kurasa, akitafuta.

"Nisomee," alisema Mama, akaketi ngazini. "Moja moja. Mimi nimekua nazo."

Kamanda akasoma. "Namba moja. Kichocheo, chai. 'Chai ni kama mizani, n.k.'"

"'Ikitikiswa haisemi kweli, iache itulie,'" alisema Mama.

"Namba mbili. Kichocheo, hodi. 'Karibu, ukiwa na mzigo, n.k.'"

"'Ukiwa na mzigo utue, ukiwa na neno ulitue pia.' Endelea."

"Namba tano. Kichocheo, picha ya Bibi ukutani. 'Bibi yako alinidanganya mara moja tu, n.k.'"

Mama alicheka, kicheko kilichovunjika katikati. "'Aliponitajia uzito wake. Nami fundi wa mizani nikanyamaza miaka arobaini.'"

Ngao naye akacheka na kulia kwa pamoja, na Kamanda akamtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza: mtu mzima aliyekuwa amebeba miisho yote ya sentensi ambazo yeye alibeba mianzo yake, katika nyumba moja, miezi yote hiyo, bila kukutana.

"Namba nne," alisema. "Kichocheo, Mama akivaa viatu. 'Kila siku ya ukaguzi nilianzia, n.k.'"

Mama aliinuka kabla hajamaliza. "'Nilianzia ghala la nafaka nyuma ya stesheni, kwa sababu mizani kubwa ikidanganya, ndogo hujifunza.' Lete kandambili zangu."

Walimkuta huko. Ghala lilikuwa linafungwa. Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya magunia wakitazama sinema ya bure: mzee wa suti amepiga magoti kando ya mizani kubwa ya kupimia magunia, mawe ya shaba yamepangwa juu ya leso, na karani wa mizani amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mama, huyu ni wa kwenu?" aliuliza karani. "Kaja saa sita, ananiambia mizani yangu inakula nusu kilo kila gunia. Nikamfukuza. Karudi. Nikamfukuza. Mara ya tatu nikasema ngoja nipime kwa mawe yake huyu mzee, aone aibu." Akakuna kichwa. "Inakula kweli."

Wapakiaji wakapiga makofi. Kwa dakika moja Kamanda alifurahi kama aliyepandishwa ngazi tisini katika gemu. Babu hakuwa amepotea. Babu alikuwa kazini.

Kisha Mama akachuchumaa, akasema, "Baba, twende nyumbani." Babu akaweka gramu yake tunduni polepole, akainua macho, akamtazama binti yake kwa adabu kubwa.

"Samahani, binti," alisema. "Wewe unatoka ofisi gani?"

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke mwenye kalamu mbili kifuani na uso wa mtu asiyepata chakula cha mchana kwa wakati. Aliuliza mambo haya yalianza lini. Mama akahesabu miezi kurudi nyuma. Kola mia mbili kwa siku. Hakujua.

Kamanda akaweka daftari mezani. Alifikiri atafukuzwa.

Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Aliweka kidole kwenye sentensi kumi na moja, kisha tisa, kisha sita, kisha tano. Alikaa muda mrefu kwenye maneno mawili ya mwezi wa tano.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Madaktari bingwa wangu wa wodini hawaandiki hivi," alisema. "Hapa ndipo ungemleta." Kidole chake kilikuwa pale pa hodi tatu. "Simaanishi tungemrudishia kilichokwenda. Hakuna dawa ya hivyo. Lakini huenda tungemshika mkono mapema kidogo." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Kamanda alikaa kando ya mama yake akitazama viatu vyake.

"Mama. Namba tatu hukuimaliza."

"Ipi?"

"Kichocheo, akiniona na padi. 'Mjukuu wangu, vidole vyako hivyo.'"

Mama aliitazama mikono yake mwenyewe. "Hiyo aliniambia mimi nilipokuwa mdogo, nikaenda kushona," alisema. "'Vidole vyako hivyo vingeijua gramu. Vyangu vimekuwa vizito. Njoo nikufundishe.'"

Miezi yote hiyo, wazee wangu. Kila alasiri mzee alimwita mjukuu wake aje afundishwe, na kila alasiri mjukuu alibonyeza.

Toka siku hiyo sebule ilibadilisha ratiba. Mama aliomba zamu fupi. Ngao alileta kitasa cha mlango ambacho mzee hakuweza kukifungua. Jioni Mama alisema miisho na Kamanda akaiandika, akifuta kila n.k. kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili. Na saa kumi alasiri, jua likiwa sakafuni, Kamanda aliketi chini ya kiti chenye mkono mmoja, akanyoosha viganja, na Babu akampa mawe ya kufuta, moja baada ya jingine. Siku nyingine mzee alimfundisha. Siku nyingine alimwita kwa jina la msaidizi wake wa zamani. Kamanda aliitikia majina yote.

Sentensi tano zikawa tatu. Tatu zikawa moja.

Paa la bweni likapatikana. Asubuhi ya kurudi shule Kamanda alitoka chumbani na sanduku lake la chuma kichwani na godoro kwapani. Basi la shule lilikuwa linapiga honi chini. Kona ya sanduku iligonga mlango wa kijani, kwa bahati mbaya, mara tatu.

"Karibu," alisema Babu kutoka kwenye kiti chake. "Ukiwa na mzigo..."

Kwa miezi miwili mwisho wake ulikuwa haujasikika. Mzee aliishia pale, midomo wazi kidogo, kama mtu aliyesimama kwenye ngazi, hapandi wala hashuki. Basi likapiga honi tena. Mama alikuwa mlangoni. Kamanda alisimama palepale na sanduku kichwani, shingo inamuuma, akangoja. Alingoja mpaka dereva akazima injini.

"...utue," alisema Babu. Akapumua. "Ukiwa na neno, ulitue pia."

Kamanda akatua sanduku. Akatua godoro. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Babu," alisema, "vidole vyangu ndivyo hivi. Nimechelewa kuvileta."

Babu aliviangalia kwa muda mrefu, kimoja kimoja, kama anayevikagua. Kisha akafungua sanduku la mbao, akapita jiwe la kilo mbili, akapita la nusu, mpaka mwisho kabisa. Akaitoa ile gramu moja na kuiweka katikati ya kiganja cha mjukuu wake, na akakikunja kiganja hicho kwa mikono yake yote miwili.

Dereva alikuja kugonga mlango kwa hasira. Babu akamkaribisha.

FUNZO

Hadithi hii haisemi tuzime skrini. Aliyeitunga naye ana katuni anayoifuata na hataki ugomvi na mtu. Lakini tujue wale mashujaa wametoka wapi. Wametungwa na watu waliokaa sana na padi mkononi. Ndiyo maana wanajua kuhesabu nguvu na hawajui kuaga, na wanaona kila mtu yupo kwa ajili ya safari yao. Tukiwatazama, tuwapende kwa ushujaa wao, na tusirithi kidole gumba chao.

Mzee anayerudia sentensi nyumbani mwako hakuandikiwa na mtu. Huenda anaipoteza nyingine huku akiishikilia hiyo. Usimtege kwa hodi tatu. Mwangalie, andika tarehe, mwambie mkubwa, mpelekeni hospitali siku ya kwanza ya wasiwasi na si ya mwisho. Nanyi wazazi mnaoondoka alfajiri, hakikisheni mmesikilizwa, si mmeitikiwa tu.

Na ukimwuliza mtu jambo, subiri mwisho wa sentensi. Mwanzo wa maneno ya mzee kila mtu anaujua. Alichotaka kukupa kiko mwishoni.

Basi, kama una Babu au Bibi, ondoka hapa uende ukakae naye. Ulisogea mbele kwa heshima, hakuna atakayekulaumu ukitoka mbio.